Mahali Palipomkubali Mama

Juzi mume wangu alinichukua twende tukatazame chumba cha kupanga, upande wa juu kule kwenye mawe. Mwenye nyumba alikuwa amekandika ukuta asubuhi ile ile, udongo bado unatoa jasho. Mume wangu akawa anagonga nguzo na kuuliza habari za choo. Mimi nimesimama katikati ya chumba kitupu na nimeshapanga kila kitu kichwani: kitanda hapa, mtungi pale, pazia la maua dirishani. Ndivyo nilivyo, nipe chumba kitupu nami nitakijaza kabla hujafunga mlango. Halafu ile harufu ikanifikia, udongo mbichi uliochanganywa na majivu na mavi ya ng'ombe, nikatoka nje mbio. Nikasema nimeshikwa na kizunguzungu. Mume wangu akadhani ni mimba, maskini, akafurahi sana.

Haikuwa mimba. Ilikuwa ni Bi Tatu na chumba chake cha Kirumba, na mama yangu aliyelala humo siku nne.

Ninyi wa rika langu mliozaliwa ng'ambo ya ghuba, upande wa Uzinza, mnakumbuka tulivyohamishwa. Mbung'o walikuwa wamezidi porini na malale yanamaliza watu, ugonjwa ule ambao mtu husinzia na kusinzia mpaka siku moja haamki. Serikali ikatoa amri miji yote iliyotawanyika porini ivunjwe, watu wakusanywe mahali pamoja palipofyekwa, wapimwe. Kupimwa kwenyewe mlisimama mstari, dresa, yule msaidizi wa daktari wa Serikali, anapita, anamshika kila mtu shingo kwa vidole viwili kutafuta vivimbe. Mimi niliyaona hayo kijiji cha jirani, nikadhani anatafuta mtu aliyemeza kitu cha Serikali. Nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na jino langu moja nilikuwa nimelimeza kweli, kwa hiyo nilikuwa na hofu yangu peke yangu.

Siku ya kupimwa ilipokaribia kijijini kwetu, baba alifunga mizigo. Alisema sisi hatuendi kwenye makazi ya Serikali, tunakwenda Mwanza kutafuta kwetu kupya. Nililipenda neno hilo, kwetu kupya. Njia nzima ya kwenda ufukweni nililiimba, na mdogo wangu Bahati, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa anapiga makofi mgongoni kwa mama.

Sasa niwaeleze desturi ya ukoo wa baba, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwao mtu akitaka kuhamia mahali hakurupuki kujenga. Hupeleka mkeka wake pale anapopataka, akalala. Akipata usingizi mzito usio na ndoto mbaya, husema pamemkubali, na kesho yake huchimba shimo la nguzo ya kwanza. Akigaagaa, hukunja mkeka na kusogea mbele. Baba mwenyewe alihamisha mkeka mara tatu kabla ya kujenga nyumba niliyozaliwa. Mama alikuwa akimcheka mbele ya wageni: "Huyu alioa mkeka kwanza, ndipo akanioa mimi."

Basi mimi niliielewa safari yetu hivyo. Tunatafuta mahali ambapo mama atalala.

Na mama alilala, jamani! Alilala ndani ya mtumbwi, maji yanamrukia usoni, Bahati yuko titini. Zamani alikuwa wa kwanza kuamka katika mji mzima, kinu chake kilikuwa kinawaamsha majogoo. Lakini tangu mavuno ya mwisho alikuwa amebadilika. Mchana anasinzia, usiku anatembea uani akijishika kichwa, na mara moja alinipiga kofi kwa sababu nilicheka, yeye ambaye hakuwahi hata kunifinya. Nilisema moyoni ni kwa sababu nyumba yetu imekwisha kutuchoka. Malale nilikuwa nimeyaona kwa jirani yetu mmoja, amekonda, anajikuna, anatukana watu njiani. Mama yangu alikuwa mnene na mzuri. Malale yangempata wapi?

"Baba," nikasema mtumbwini, "hata majini pamemkubali."

Mwenye mtumbwi alicheka. Baba hakucheka. Aliinama akaipandisha kaniki ya mama mpaka ikamfunika shingo.

Tulianzia Nyegezi kwa mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alikuwa na mji mpana karibu na maji, migomba, muhogo, na uwanja ambao ungetosha nyumba tatu. Alitupokea kwa furaha kweli. Mkewe akapika ugali wa muhogo na sato, tukakaa kula, na mjomba akaanza kukumbusha mambo ya utoto wao, jinsi dada yake alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda kuwinga ndege shambani.

"Si ulinidondosha wewe!" akamwambia mama. "Kovu hili hapa, njoo ulione."

Mkono wa mama ulikuwa umefika nusu ya njia, tonge limekwisha kuchovywa, mchuzi unamtiririka mpaka kiwikoni, na yeye amelala. Nikacheka. Nilipotazama huku na huku nikaona nimecheka peke yangu. Mke wa mjomba aliwashika watoto wake mmoja mmoja akawatoa kwenye sinia.

Asubuhi mjomba alimwita baba kando ya zizi. Nilikuwa nyuma ya kichuguu nachuma mboga.

"Shemeji, hapa pamejaa."

Baba akatazama ule uwanja. "Pamejaa nini?"

"Usinisemeshe, shemeji. Huyo ni dada yangu, nakwambia kwa uchungu. Mpeleke kwa dresa."

"Nikimpeleka sina makao, watatusomba wote mpaka kambini. Nipe mahali pa kusema hapa ndipo kwangu, halafu nitampeleka kwa miguu yangu."

"Nina watoto watano ndani ya nyumba hii."

Baba akasema, "Mimi ninao wawili," akarudi kufunga mizigo.

Mambo hayo niliyasikia kwa masikio tu. Nilichoshika ni lile neno pamejaa, nikahukumu kwamba mjomba ni mchoyo, maana mama alikuwa amelala kwake vizuri kuliko mwenye nyumba. Tulipoondoka mjomba hakutusindikiza. Alikuwa amekaa nyuma ya zizi, amejifunika kichwa kwa shuka kama mtu aliyefiwa.

Tukaenda kwa mwanangwa mmoja, msaidizi wa mtemi katika sehemu zile, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa ardhi. Kwake mnakaa chini mbele ya kiti chake na kujieleza mnakotoka. Mama alikaa kati yangu na baba. Kila kichwa chake kilipoanza kuinama, baba alimkanyaga mguu kwa kisigino. Mama anashtuka, anatabasamu kwa mwanangwa, kichwa kinainama tena, kisigino tena. Mimi nilidhani ni mchezo wao wa mapenzi, nikaona haya kidogo, nikatazama pembeni. Usiku ule nilipomwosha mama miguu niliona vidole vimechubuka na kucha moja imekuwa nyeusi.

Mwanangwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Barua ya mwanangwa wako wa huko iko wapi?"

"Sina, Mzee. Tuliondoka kwa haraka."

"Watu wa ng'ambo wote mnaondoka kwa haraka siku hizi," akasema, akaita mtu anayefuata.

Baada ya hapo sikumbuki sehemu zote. Nakumbuka tulilala siku kadhaa chini ya jiwe kubwa juu ya ziwa, mojawapo ya yale mawe yaliyobebana mgongoni, na Bahati akaanza kukohoa. Nakumbuka mvua iliyopita kwenye ufa na kumwagikia unga wetu wote. Baba alikwenda kila siku bandarini kubeba marobota ya pamba, na mimi nilibaki namlinda mama asije akaangukia moto, kwa sababu alilala hata amesimama, mwiko mkononi. Hapo nilianza kuona ajabu. Kila mahali panamkubali, na kila mahali tunaondoka. Nikadhani labda baba ndiye asiyelala. Na kweli, baba hakuwa akilala.

Ndipo tukampata Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjane wa Kimanyema, mzaliwa wa Ujiji, ana nyumba ndefu ya vyumba sita Kirumba na sauti ya kuitosha yote sita. Alitupokea uani akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi iliyoletwa kwa treni.

"Shikamoo, Bibi," tukasema, na baba akatutaja majina, mimi Mizi na mdogo wangu Bahati.

"Marahaba. Mkeo mbona haitikii? Hana ulimi?"

"Ana haya, Bibi. Mtu wa shamba," baba akasema.

"Haya gani na amekwisha kuzaa wawili!" Akacheka mwenyewe mpaka nazi ikamponyoka. "Sikiliza, Baba Mizi. Nyumbani kwangu sitaki mambo matatu. Sitaki pombe, sitaki ngumi, sitaki maradhi. Mpangaji wangu aliyetoka alikuwa nayo yote matatu, Mungu amrehemu. Ninyi je?"

"Sisi wazima, Bibi."

Baba alisema hivyo akiinama kumwokotea nazi yake.

Chumba kilikuwa cha mwisho, karibu na jiko. Kilikuwa na mlango wa mbao na dirisha dogo ambalo ukisimama juu ya kinu unaliona ziwa. Jamani, nilikipenda chumba kile! Siku ya kwanza nilikuwa nimekwisha kupanga mahali pa kuku wangu ambao sikuwa nao, na kigoda cha mama, na mahali ambapo Bahati angesimama siku atakapoanza kutembea. Baba alizungumza na karani mmoja bandarini, akaambiwa sasa anaweza kuandikwa kama mkazi wa mji. Alirudi jioni ile na muhogo wa kuchoma, akanirusha juu kama nilipokuwa mdogo. "Bado kidogo, mama," akaniambia. Alikuwa akiniita mama alipofurahi. "Bado kidogo tutulie, halafu tutashughulikia mengine."

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa nimekaa na Bi Tatu uani nikimwokotea mawe katika mchele. Alikuwa ananitania kuhusu pengo langu, eti wachumba watapita humo wakikimbia.

"Na mama yako yuko wapi? Simwoni kisimani na wenzake."

"Amelala, Bibi."

"Saa hizi? Jua liko utosini."

Hapo ndipo nilipotaka kumfurahisha. Nilitaka ajue kwamba ana nyumba nzuri kuliko zote tulizopita, nikaacha mchele nikasimama kabisa.

"Ndiyo, Bibi! Chumba chako kimemkubali. Kwa mjomba alilala akila, tonge mkononi. Kule kwenye mawe alikuwa analala amesimama. Lakini hapa amelala tangu alfajiri, hata Bahati akilia hasikii, hata nzi akimkalia jichoni hamfukuzi. Pamemkubali kabisa kabisa!"

Bi Tatu aliweka ungo chini polepole.

"Mlitoka wapi ninyi?"

"Ng'ambo, Bibi. Kule walikokuwa wanashika watu shingo."

Akainuka. Sikuwahi kumwona akiinuka bila kulalamikia magoti. Aliingia chumbani, nikamsikia anaita, "Mama Mizi. Mama Mizi! We mwanamke!" Halafu kimya. Alipotoka alikuwa anafuta vidole viwili kwenye pindo la kanga, anavifuta na kuvifuta.

Wakati huo huo baba alitokea kwenye mlango wa ua. Nilidhani ndiyo kwanza anafika.

"Umeniingizia malale nyumbani," Bi Tatu akasema, na mara hii sauti ilikuwa ndogo. "Umeniingizia malale, na mtoto anayatangaza kama harusi."

"Bibi, naomba unisikilize."

"Usiniombe mimi. Mbebe. Hospitali, sasa hivi, kabla majirani hawajasikia wakaja kututoa wote kwa mawe."

Baba aliingia akambeba mama mgongoni, mikono yake imening'inia kifuani kwa baba kama mikia ya kaniki. Mama alifungua macho kidogo, akaniona, akasema, "Mizi, umekula?" Kisha akayafumba. Nikaanza kuwafuata, Bi Tatu akanishika bega.

"Watoto waache hapa," akamwambia baba bila kumtazama. "Watalala jikoni. Watoto hawana kosa."

Siku ile ile aliuchoma mkeka wetu nyuma ya choo. Akakanda udongo, akamwaga majivu, akakandika upya ukuta mzima na sakafu mpaka mahali alipolala mama pakapotea. Mimi nilikuwa namletea maji ya kukandia. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyoleta maji kwa haraka zaidi, sijui kwa nini. Ilipofika jioni nilijua jambo moja tu: tulikuwa na nyumba, na ulimi wangu umemtoa mama ndani yake.

Hospitali walimweka katika banda la peke yake, na sisi watoto tulisimama nje ya uzio wa matete. Baba alikuwa ndani akimlisha. Walimchoma sindano, nyingine mgongoni, na baada ya muda akawa anaamka zaidi, lakini dawa ile ile ikaanza kumfifisha macho. Alikuwa anageuza uso kufuata sauti yangu, akikosea kidogo upande.

"Mizi, mmepata nyumba?"

Tulikuwa bado jikoni kwa Bi Tatu, tunalala kati ya kuni na mafiga.

"Tumepata, mama."

"Ina mlango?"

"Wa mbao. Na madirisha mawili. Na baba amekuchongea kigoda."

Akatabasamu. Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila nilipokwenda niliongeza kitu. Niliongeza kisima, niliongeza mti wa kivuli, niliongeza ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe. Siku moja nilimwambia mjomba amekuja kutusaidia kuezeka. Aliuliza mara mbili, "Amekuja mwenyewe?" nami nikaapa kwa sauti kubwa. Bi Tatu, aliyekuwa akinisindikiza na chungu cha uji lakini akisimama mbali kule barabarani, alisikia kiapo kile. Njia nzima ya kurudi hakunitania hata mara moja.

Mama alifariki mvua za vuli zilipoanza. Walimzika watu wa hospitali, na sisi tulionyeshwa mahali baadaye, mstari wa vilima vidogo vya udongo mwekundu ambavyo havikuwa na tofauti. Baba akachagua kimoja, akasema, "Ni hiki." Hakuna aliyembishia.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Baba alipata kiwanja mwishowe, upande wa Misungwi, akajenga. Safari hii hakulala kwenye mkeka wowote. Alichimba tu. Bahati akakua hamkumbuki mama, mimi nikasoma kidogo kwa akina Sista, nikarudi kupika, na lile jambo nikatembea nalo kimya, mimi ambaye kila mtu ananijua kwa kelele na kicheko. Nilikuwa nikiamka asubuhi naimba, nikikuta watu wanacheka nacheka, halafu katikati ya kicheko nalikumbuka, nainuka nakwenda jikoni.

Wiki moja kabla sijaolewa nilimkuta baba kibarazani anasokota kamba ya katani. Niliogopa kuondoka nalo kwenda kwa watu. Nikasema kabla sijakaa vizuri:

"Baba, ni mimi niliyemwambia Bi Tatu."

Hakuinua macho. "Najua. Nilikuwa nyuma ya ua. Nilirudi kuchukua ngata yangu ya kubebea mizigo."

"Ulisikia?"

"Tangu neno la kwanza. Ningekohoa tu, ungenyamaza. Ningeweza hata kukukanya tangu tukiwa mtumbwini, nikasema Mizi, usiseme mbele ya watu. Kila siku nilisema leo nitamkanya. Sikukukanya."

"Kwa nini?"

Kamba ilisimama mkononi mwake. "Nilimwambia kila mtu sisi wazima. Ikabaki mtoto mmoja wa kusema kweli, nikashindwa kumziba mdomo. Nilisimama pale nyuma ya ua nikasema, acha aseme yeye, mimi siwezi."

Nilianza kulia. Miaka yote ile! Nikataka kumshika mkono, nikataka kucheka pia, maana nilihisi mwili wangu wote mwepesi. Lakini baba alikuwa hajamaliza.

"Dresa aliniuliza swali moja tu siku ile. Ameanza lini kulala hivi? Nikasema, wiki hii. Akanitazama, akasema, wewe mtu mzima, huu ni wa miezi. Ungemleta siku mliyotua, sindano zingemwahi. Halafu akageuka akaandika kwenye daftari lake." Akaitazama kamba. "Tulitua asubuhi, Mizi. Kutoka pale tulipotua mpaka hospitali si mbali. Nilipita mlangoni kwao nimembeba Bahati, mama yako ananifuata nyuma. Nilisema nyumba kwanza."

Akarudia, "Nyumba kwanza," kama mtu anayemweleza mwingine. Kisha akajaribu kuendelea na kamba, lakini nyuzi zilikuwa zimefumuka na vidole vyake havikujua tena pa kuanzia. Nikakaa chini mbele yake, nikashika ncha ya pili, nikaivuta mpaka ikanyooka, naye akaanza kusokota.